Dada wa keki na kava yake: kisa cha mtu kujichagulia bima ya afya mwenyewe

Huyu dada ntamwita Dada Keki tu manake jina lake si la kutajwa hapa, na yeye mwenyewe alinipa ruhusa niandike bora nisimtaje. Alikuwa anafanya kazi jikoni kwa hoteli moja huku pwani ya kaskazini, upande wa keki na mikate, miaka sita. Mwezi wa tano 2025 wageni wakapungua kama kawaida ya hiyo miezi, hoteli ikapunguza watu, na yeye akawa mmoja wao. Akaanza kuoka keki nyumbani Bamburi, Mombasa, za harusi na za bathdei, na wallahi anajua kazi yake, biashara ikashika haraka kuliko alivyotarajia.

Mimi nina saiba, duka la kompyuta na intaneti. Watu wanakuja kuprinti, kujaza fomu za kodi za KRA, kusajiliwa SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, na kwa sababu nimejaza hizi fomu nyingi sana watu wanadhani mimi ni daktari wa bima. Mimi si ajenti na sina komisheni popote, ndo sababu nadhani maoni yangu yana faida kidogo. Dada Keki alikuja mwisho wa mwezi wa tisa na simu mkononi, PDF tatu za kampuni za bima kwenye WhatsApp, akanambia "Kaka, nichagulie hapa iliyo nzuri."

Sasa hilo swali la "iliyo nzuri" ndo linalowaponza watu. Nikamwambia dada keti kwanza, niletee stuli, hebu tuanze na wewe kabla hatujafika kwa hizo kampuni.

Hali yake ilikuwa hivi. Umri 39. Watoto wawili, msichana miaka 12 na mvulana miaka 5. Mume hayupo kwenye hesabu. Ana presha, iligunduliwa miaka mitatu nyuma, anameza kidonge kimoja kila siku na imetulia. Yule mvulana ana mafindofindo yanayofura kila mara, na daktari alishaandika kwenye faili kwamba yakiendelea hivo yatatolewa. Mamake ana miaka 68, yuko Kilifi. Bajeti yake ya mwaka mzima ni elfu hamsini, pesa ya chama cha kuchangiana aliyopokea mwezi ule ule, na alikuwa amezikunja noti kwenye bahasha ya kaki kabisa, hataki ziguswe na unga wala siagi.

Kitu kilichoniuma kidogo ni muda. Kava ya hoteli iliisha siku yake ya mwisho kazini, yaani mwezi wa tano, na yeye amekuja mwezi wa tisa. Miezi minne. Kampuni nyingi za bima ukitoka kwenye kava ya mwajiri ukaenda kwao haraka, bila pengo, na barua ya kuonyesha ulikuwa na bima, wanaweza kukuondolea ule muda wa kusubiri kabla hawajaanza kulipia magonjwa uliyokuja nayo, yaani unaendelea ulipoachia. Lakini lazima uende mapema, mara nyingi ndani ya siku thelathini. Nilimpigia simu mmoja wa wale watu wa bima nikauliza, akacheka, akasema miezi minne hapo tunaanza upya. Kwa hiyo presha yake, ambayo kule kazini ilikuwa inalipiwa bila maswali, huku nje ikawa "ugonjwa uliokuwa nao kabla". Kama kuna mtu anasoma hii na ameandikiwa barua ya kuachishwa kazi wiki hii, usingoje mpaka biashara isimame, enda sasa hivi.

Halafu SHA. Hapa watu wanachanganya sana. NHIF, ile bima ya zamani ya serikali, ilikwisha, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni SHA, na SHA si ya kuchagua, ni ya lazima. Aliyeajiriwa anakatwa 2.75% ya mshahara, asiye na ajira anaulizwa maswali mengi, nyumba yako paa gani, unapikia nini, choo kikoje, maji yanatoka wapi, mko wangapi, halafu mfumo unakukadiria. Chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na asiye na ajira anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, ingawa siku hizi kuna ile Lipa SHA Pole Pole ya kukopeshwa ulipe kidogo kidogo. Dada Keki alikuwa amejisajili lakini hajalipa hata senti tangu atoke kazini. Tukapiga *147#, ikamkadiria 545 kwa mwezi. Mara kumi na mbili ni 6,540. Akanung'unika, akasema wakati wa NHIF aliyejilipia mwenyewe alikuwa anatoa mia tano. Nikamwambia hata ungerudi NHIF ungetoa 6,000, tofauti ni mia tano na arobaini kwa mwaka, hiyo tusiigombanie.

Kuna watu wanasema SHA haina maana, mtu akinunua kava ya kampuni basi. Mimi sikubaliani, na si kwa siasa, ni kwa hesabu. Kwanza SHA haikuulizi kama ulikuwa na presha jana. Pili, kuna magonjwa ambayo hata kava ya kampuni inachoka nayo: saratani SHA mwaka huo wa 2025 ilikuwa inaweka 400,000 kwa familia kwa mwaka na nyingine 150,000 kutoka ule mfuko wa magonjwa makubwa, na dialisisi, yaani kusafisha figo, ilikuwa 10,650 kila ukikaa kwenye mashine. Tatu, na hii ndo watu hawasomi, kava nyingi za kampuni zimeandikwa kwa maandishi madogo kwamba wewe unatakiwa uwe umelipa SHA, na ukilazwa hujalipa, ile sehemu ambayo SHA ingetoa inatoka mfukoni mwako. Kwa hiyo ukiiwacha SHA hata kava yako ya pesa nyingi ina tundu.

Mamake alitaka amuweke kwake. Haiwezekani, SHA ni mume, mke na watoto, mzazi anajisajili kivyake. Tukamsajili mama, akakadiriwa 300 kwa mwezi, mwaka 3,600. Kampuni mbili kati ya zile tatu hazichukui mgeni wa miaka 68, na ya tatu bei yake ilikuwa kama anunue ng'ombe, kwa hiyo mama tukaishia hapo.

Sasa zile PDF.

Ya kwanza ilikuwa kava ya kulazwa peke yake, hakuna ya kwenda kliniki na kurudi. Limiti ya familia ama laki tano kwa mwaka, ama milioni moja. Ya pili ilikuwa na vyote viwili, kulazwa laki tatu na kliniki elfu hamsini, bei 58,000. Ya tatu ilikuwa ile ya bei rahisi ya kwenye simu, inakupa keshi kwa kila usiku unaolala hospitali, na nikamwambia hii haijatosha kuitwa bima, hii ni ya kununua uji na nauli ya wanaokuja kukuona, si mbaya lakini hailipi bili.

Moyo wake ulikuwa kwa ya pili. Na ukimuuliza kwa nini, alikuwa na sababu ya kweli kabisa: watoto wanaumwa kila mwezi, hajawahi kulazwa isipokuwa kujifungua, kwa hiyo anataka kitu atakachokitumia. Wengi wako hivo. Mtu anahisi asipoitumia kadi ameibiwa.

Nikamwambia basi tuhesabu, tusibishane. Tukatoa statement yake ya M-Pesa, Juni mpaka Septemba, nikaprinti kurasa kumi na moja, nikampa kalamu nyekundu azungushie kila shilingi iliyoenda kliniki ama duka la dawa. Alikaa pale kwenye stuli kama nusu saa hivi, wateja wanapita, anazungushia, mara anacheka "hii ilikuwa Panadol na soda", mara ananyamaza. Jumla ikawa 8,900. Ndani yake vidonge vya presha 2,800, yaani 700 kwa mwezi, na zilizobaki 6,100 ni mara nne alizopeleka watoto kliniki, kuonwa na dawa.

Zidisha mara tatu upate mwaka. Presha 8,400. Watoto 18,300, mara kumi na mbili. Na hapo tumeipa faida ile kava manake Juni na Julai huku ndo miezi ya kikohozi, mwaka mzima hauwi hivo.

Sasa ile kava ya pili: presha mwaka wa kwanza hawalipi, kwa hiyo 8,400 ni yake mwenyewe na kava au bila kava. Zile ziara kumi na mbili kila moja ana kopei, yaani sehemu anayotoa mwenyewe, ya shilingi 500, hiyo 6,000. Kwa hiyo kava ingemuokolea 12,300. Nikamuuliza ajenti kwa simu, hiyo 58,000 ukiigawa kliniki ni ngapi? Akasita, akasema elfu ishirini na saba.

Analipa 27,000 aokoe 12,300. Nilimuandikia hizo namba mbili nyuma ya karatasi ya statement nikanyamaza. Dada anauza keki, anajua gharama ya mayai mpaka shilingi, alielewa kabla sijafungua mdomo. Akasema "Kwa hivo yuwaniuzia kilo ya sukari kwa bei ya kilo mbili."

Si kwamba kava ya kliniki ni mbaya kila wakati. Mtu ana mtoto mwenye pumu anayeenda kila wiki mbili, au mnaumwa sana, hesabu inageuka. Lakini lazima uifanye na statement yako mbele. Na hata kabla ya bei, ile kulazwa laki tatu ndo ilinitisha zaidi. Laki tatu kwa familia ya watu watatu, kwa mwaka, siyo kwa kila mtu. Oparesheni moja ya dharura kwenye hospitali ya binafsi Mombasa na siku chache za ICU, imekwisha, na mwaka bado. Bili ya kliniki ya 1,500 itakukera. Bili ya laki sita itauza kiwanja.

Basi tukabaki na ya kwanza. Na hapa ndo pana mambo.

Ajenti wa kampuni hiyo ya kwanza alikuwa amemtumia fomu na voisi noti. Dada Keki akaicheza kwa sauti pale saiba. Kijana ana sauti nzuri, mchangamfu, anasema "Mamii, hapo penye maswali ya magonjwa weka hapana zote, ukiandika presha watakupandishia bure tu, na si inatulia na dawa?"

Niliomba aicheze tena.

Mimi hili nalijua kwa machungu. Shemeji yangu alikuwa na sukari, akakata kava, ajenti mwingine akamwambia maneno hayo hayo, akaweka hapana. Mwaka wa pili akalazwa na kidonda cha mguu, bili ikafika laki nne na kitu. Kampuni ikakataa kulipa. Na unajua walijuaje? Hawakupeleleza mtu. Ukilazwa daktari anajaza fomu ya kampuni, na moja ya maswali ni mgonjwa amekuwa na ugonjwa huu tangu lini. Daktari anakuuliza wewe, uko kitandani, una maumivu, unamjibu ukweli kwa sababu ni daktari, "miaka mitano." Anaandika miaka mitano. Fomu inaenda. Basi. Ni mdomo wako mwenyewe. Tulifungua grupu ya michango ya WhatsApp, nilikuwa mweka hazina, na mpaka leo kuna watu wa ukoo hawasalimiani vizuri kwa sababu ya ile grupu.

Kwa hiyo nilimwambia Dada Keki, presha andika ndiyo, tangu lini andika, dawa gani andika, na mafindofindo ya mtoto pia andika. Akasema watanikataa. Nikasema wakikukataa leo bado una elfu hamsini zako kwenye bahasha, wakikukataa ukiwa kitandani huna kitu.

Hawakumkataa. Ilichukua siku tano, wakataka kipimo cha presha na barua fupi ya kliniki yake, halafu wakaleta barua: presha na yanayotokana nayo yatalipwa baada ya miezi kumi na mbili, mpaka laki mbili kwa mwaka. Mafindofindo mwaka wa kwanza hapana. Na sehemu yake yeye ya malipo imeongezwa asilimia kumi. Kwa kava ya laki tano, msingi ulikuwa 34,000, yake ndani yake 16,000, kwa hiyo nyongeza 1,600. Elfu moja na mia sita kwa mwaka! Ndo hiyo yule kijana alitaka kumuokolea kwa kumwambia adanganye. Ni chini ya bei ya keki ya kilo moja.

Ikawa 35,600, unaongeza tozo mbili za serikali, 0.2% na 0.25%, na stempu ya shilingi 40, inatoka 35,800. Hizo tozo naziandika kwa sababu watu wakiona namba ya mwisho haifanani na ya PDF wanadhani ajenti amekula. Hajala. Ila pesa usimtumie yeye kwenye namba yake, lipa kwa paybill ya kampuni na ungoje risiti ya kampuni, na kama humjui ajenti uliza leseni yake, Mamlaka ya kusimamia bima, IRA, ndo inawapa.

Ile ya milioni moja, kwa mahesabu hayo hayo, ilitoka 48,457.

Hapa tuligombana kidogo. Mimi nilitaka milioni. Nilimwambia dada, tofauti ni 12,657, limiti inazidi mara mbili, laki tano na watoto wawili ni nyembamba. Tulipie hii, na pesa ya SHA ya mama tutatafuta. Yeye akapiga hesabu zake: 35,800 na SHA yake 6,540 na ya mama 3,600, jumla 45,940. Ndani ya bahasha. Milioni inamtoa nje kwa zaidi ya elfu nane, na hataki kukopa kampuni za kulipia bima kwa awamu manake riba. Akanambia "Kaka, hiyo elfu kumi na mbili ndo nusu ya oveni. Oveni ndo italipa kava ya mwaka ujao."

Sikuwa na jibu. Bado nadhani nilikuwa sawa, na bado nadhani yeye pia hakukosea. Alichagua laki tano. Zile elfu nne zilizobaki akaziweka M-Shwari, akiba ya kwenye M-Pesa, pesa ya vidonge vya presha, asiviruke hata mwezi mmoja, kwa sababu presha ikimpanda ndani ya huu mwaka wa kwanza akalazwa nayo, kampuni haipo, ni SHA na yeye.

Kitu kingine tulichofanya kabla ya kulipa, na mimi nakipenda kuliko vyote: orodha ya hospitali za kampuni ilikuwa na kurasa nne, majina yote makubwa ya Mombasa yamo, lakini orodha ni karatasi. Alitembea mwenyewe mpaka hospitali iliyo karibu na kwake, akaenda dawati la bima akauliza yule dada wa pale, mnapokea hii? Na akiletwa mtoto usiku wa manane mnangoja barua ya idhini mpaka asubuhi au mnamlaza kwanza? Akajibiwa wanamlaza kwanza kama kadi iko hai. Akaja kunambia anacheka, "huyo dada wa dawati anajua mambo kuliko ajenti." Na ni kweli, yeye ndo anaona kila siku nani analipa na nani anazungusha.

Kava ikaanza Oktoba tarehe 8. Siku thelathini za kwanza haina kitu isipokuwa ajali, hiyo niliiandika kwa biki kubwa juu ya bahasha.

Februari mvulana akapata nimonia, akalazwa usiku tatu. Dawati wakaangalia SHA kwanza, iko hai, wakaangalia kadi, iko hai. Barua ya idhini ilichukua masaa matano, na katika hayo masaa matano Dada Keki alinipigia simu mara tisa, mara ya mwisho akaniuliza kama nina uhakika mafindofindo hayawezi kuitwa nimonia. Bili ilikuwa 61,400. Alilipa 1,150, vitu ambavyo havimo, chakula chake yeye cha kukaa na mtoto na sijui nini kingine.

Oveni aliinunua mwezi uliofuata, ya mtumba, ya gesi, mlango wake unafungwa kwa waya. Kwa ndani ya mlango wa kabati la unga amebandika karatasi yenye tarehe moja tu, 8 Oktoba, siku presha yake itakapoanza kulipiwa na kampuni.